Daftari Moja, Waandishi Wengi

Wako wenzetu bwenini ambao siku hizi hawana mazungumzo ila ya sarafu za kompyuta. Muhula huu wamekuja na hoja mpya: ati ipo sarafu yenye mwendo kuliko Bitcoin, kwa hiyo nauli ya likizo itumiwe kuinunua kabla bei haijapanda. Kwa kuwa wazazi wetu husoma gazeti hili, na nauli ni yao, napenda kueleza jinsi niionavyo hoja hiyo. Nusu yake ni kweli, na nusu hiyo yafaa ijulikane.

Bitcoin, iliyoanza Januari 2009, ni daftari la malipo lisilo na karani mmoja. Mtu akituma fedha kwa M-Pesa, kampuni moja ndiyo iandikayo, na mambo huwa mepesi. Daftari la Bitcoin limo katika maelfu ya kompyuta duniani, na ye yote aweza kushindania kuongeza ukurasa. Wachimbaji, kama waitwavyo, hawashiki sururu. Mashine zao hujaribu namba baada ya namba mpaka mmoja aipate ile ikubaliwayo na kanuni. Huyo huongeza ukurasa wake, ambao wenyewe huuita bloku, naye hulipwa sarafu mpya. Kanuni imepangwa ili bloku moja ipatikane kila baada ya dakika 10 hivi. Ndiyo maana Bitcoin huandika malipo yapatayo 7 tu kwa sekunde, tena kwa dunia nzima!

Mtu atauliza, mbona wasiandike ukurasa kila sekunde? Hapa ndipo penye utamu. Habari haifiki kila mahali kwa mara moja. Mwaka 2013 Christian Decker na Roger Wattenhofer, wataalamu wa Zürich, walipima wakaona kwamba bloku ilichukua sekunde 6.5 kufikia nusu ya kompyuta zenye daftari. Siku hizi habari hukimbia zaidi, lakini haijaacha kuchelewa. Sasa mchimbaji wa Texas akipata ukurasa, na mwenziwe wa Norwei akapata wake kabla hajasikia, kurasa zote mbili zitakuwa zimeshikizwa nyuma ya ukurasa ule ule. Daftari la Bitcoin ni mnyororo. Kila pete hushika pete moja tu iliyotangulia. Basi ukurasa mmoja hukubaliwa, wa pili hutupwa, na umeme wake umekwenda bure. Kwa dakika 10 ajali hii ni nadra. Kwa sekunde moja ingekuwa desturi. Na hasara si umeme tu. Nguvu za wachimbaji waaminifu zingetawanyika katika kurasa za kutupwa, na mdanganyifu aandikaye mnyororo wake sirini angeweza kuwashinda hata kama hana nusu ya nguvu zote.

Yonatan Sompolinsky na Aviv Zohar, wa Chuo Kikuu cha Kiebrania huko Jerusalem, walianza kuandika juu ya taabu hii mwaka 2013. Wazo lililotokana na kazi yao ni hili: ukurasa mpya usitaje mmoja tu uliotangulia, bali utaje ncha zote ambazo mwandishi wake amezisikia. Hapo kurasa za Texas na Norwei hubaki zote mbili, na ukurasa ufuatao huzifunga pamoja. Daftari huacha kuwa mnyororo, likawa kama wavu.

Lakini wavu hauna wa kwanza na wa pili. Mlaghai akitumia sarafu moja mara mbili, mara moja katika kila ukurasa, ni malipo gani yahesabiwe? Kanuni iitwayo GHOSTDAG hutafuta fungu kubwa la kurasa zinazojuana, yaani zitajanazo sana. Ukurasa uliofichwa ili utolewe baadaye hujulikana kwa upweke wake: haukutaja wenzake, wala wenzake hawakuutaja. Huo huwekwa nyuma. Malipo yaliyotangulia husimama na ya pili hubatilika. Naona ni akili ile ile ya kijijini: adaiye kwamba alikuwapo harusini huulizwa aliketi na nani.

Sarafu ya Kaspa ilianza kwa kanuni hii Novemba 2021, bloku moja kila sekunde, na Mei 2025 ikafikia 10 kila sekunde. Wenzangu wana haki kuisifu. Hukosea wanapodhani kwamba kurasa mara 6,000 ni malipo mara 6,000. Kurasa zenyewe hazilingani kwa ukubwa, na waandishi wawili kwa wakati mmoja huweza kuandika malipo yale yale, nayo marudio hayahesabiwi. Wala umeme haupungui kwa wingi wa kurasa: wachimbaji huongeza mashine kwa kadiri ya faida waitarajiayo.

Lakini neno langu kubwa ni jingine. Daftari likienda mbio, ashikaye nakala naye hana budi kukimbia. Kila ukurasa lazima aupokee, aukague, aupitishe. Katika Kaspa kompyuta za kawaida hufuta malipo ya zamani baada ya muda mfupi, na wachache wapendao ndio wahifadhio yote. Bitcoin, pamoja na ukobe wake, daftari lake zima tangu 2009 laenea katika diski moja ya dukani. Ugomvi wa namna hii uliwagawa watu wa Bitcoin Agosti 2017, wengine wakatoka na kuanzisha Bitcoin Cash yenye kurasa kubwa zaidi.

Kwa hiyo mwenzangu akinisifia mwendo wa sarafu yake, sitamwuliza bei. Nitamwuliza kama kompyuta kuukuu ya maabara yetu, kwa intaneti hii ikatikayo kila mvua inyeshapo, yaweza kushika nakala ya daftari hilo na kulikagua. Kama haiwezi, basi atueleze ni nani atakayetukagulia. Na nauli aiache ilipo, kwa maana katika hesabu zote hizi za kurasa na sekunde sikuona hata moja isemayo sarafu itauzwa kwa bei gani siku ya kufunga shule.

Mwanafunzi wa Kidato cha V