Chuo cha Njoro na Kivumishi "Kikuu"

Mabadiliko ya Chuo cha Egerton, Njoro, aghalabu hutajwa kama ufanisi mtupu. Mwaka 1939 mlowezi Maurice Egerton alitoa ekari 740 ili vijana wa Kizungu wafunzwe ukulima. Waafrika walifungiwa mlango kwa miaka mingi. Shule hiyo ya shambani ilikua ikawa Chuo cha Kilimo, chenye stashahada iliyowaandaa maafisa wa nyanjani, wale wa kuingia bomani kumkagua ng'ombe. Mwaka 1987 kikawa chuo kikuu kamili.

Mimi ni mwanaisimu, na kivumishi hicho "kikuu" kinanitia wasiwasi. Kimetuaminisha kwamba chuo kisichokuwa nacho ni kimbilio la walioanguka mtihani. Hata Kenya Polytechnic na Mombasa Polytechnic ziligeuzwa vyuo vikuu mwaka 2013. Kisha, ajabu ya mambo, serikali ikaanza kujenga vyuo vya kiufundi katika maeneobunge, kana kwamba hatukuwahi kuwa navyo! Majengo yatapatikana. Lakini ni mwalimu yupi atakayemshauri mwanafunzi wake bora ajiunge navyo?