Nyumba za Ibada za Kilimarondo na Haki ya Kukumbukwa

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 imeweka mpaka ulio wazi: jengo lililosimamishwa kabla ya mwaka 1863 lina hifadhi kwa hukumu ya sheria yenyewe, ama lililojengwa baada ya hapo hungoja mpaka Waziri alitangaze. Mpaka huo unautosha msikiti mkuu wa Kilwa Kisiwani, ambao wanaakiolojia Neville Chittick na Peter Garlake waliuchunguza na kuuandika, na ambao tangu mwaka 1981 umo, pamoja na magofu mengine ya mji ule, katika Orodha ya Urithi wa Dunia; lakini mtu akiiacha pwani akapanda Ruangwa na Nachingwea, akazidi kusogea hadi kata ya Kilimarondo, ni shida kuona nyumba ya ibada yenye umri huo, kwa sababu Askofu Edward Steere aliwafikisha Masasi watu waliokombolewa utumwani mwaka 1876, Wabenedikti wakafungua misheni ya Lukuledi mwaka 1895, na Uislamu, ingawa ulitangulia pamoja na misafara ya biashara, ulienea sana vijijini baada ya vita vya Maji Maji.

Je, kile ambacho sheria haikukitaja hakina thamani? Sikubali. Misheni za Lukuledi na Nyangao ziliteketezwa katika vita hivyo mwaka 1905, kisha zikajengwa upya, na ukuta uliorudishwa baada ya vita ni ushahidi wa watu waliopigana, wakazikana, wakaendelea kuishi majirani. Msikiti wa miti na udongo, ulioezekwa kwa nyasi na waumini wenyewe pasi na msaada wa mfadhili, ni ushahidi vile vile, tena adhimu zaidi, maana aghalabu haukuachiwa daftari lolote. Fauka ya hayo yako mahame: katika miaka ya 1970, watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa, waliacha nyuma makaburi na mahali pa kusalia, ambapo pamerudiwa na pori, na wanaopajua wamekwisha kuwa wazee. Mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, uliifanya Nachingwea itajwe hata London. Lakini nyumba ambamo wakulima wa nchi ile ile walimwomba Mungu mvua, ni nadra kuzikuta vitabuni.

Wako wasemao kwamba nyumba ya Mungu ni ya kusalia, nayo ikiwa finyu ibomolewe, ijengwe kubwa. Hoja hii ina haki, wala sitamani mtu asujudu chini ya paa linalovuja ili wageni wapate kustaajabia ukale. Lakini ninachoomba ni nyumba hizo zipigwe picha, na picha haizuii kubomoa, huzuia kusahau tu. Wengine huchelea picha kwa ajili ya dini, na hao jibu lao ni jepesi: ipigwe mihrabu, mlango na ukuta pasipo sura ya mtu, kwa idhini ya imamu. Hofu iliyo nzito kwangu ni ya umiliki. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alizunguka Masasi na Newala na kamera yake na chombo cha kunasa sauti, na aliyoyakusanya yakaenda Leipzig, mbali na wajukuu wa waliopigwa picha.

Kwa hiyo naona kazi hii ya kupiga picha na kuandika isingoje tangazo la Waziri wala msafara wa wataalamu. Simu ya kijana yatosha kuanza, mradi picha iandamane na vipimo, jina la fundi, jina la aliyetoa kiwanja, na maneno ya wazee yaliyoandikwa kama walivyoyasema. Na nakala zibaki msikitini, parokiani na katika ofisi ya kata, kabla hazijapelekwa penginepo. Nawaomba maimamu, mapadre na walimu wa Kilimarondo: safari hii, kabla paa la zamani halijaezuliwa, mwiteni mtu mwenye kamera, na mzee mwenye habari awe kando yake.