Mama ana namba tano, ipi inapatikana?

Wiki za mwisho za Desemba, magari yanapopanda kwa foleni kutoka Moshi mjini kwenda Kibosho, Machame, Marangu na Rombo, familia nyingi za Kichaga hukaa kikao. Huzungumzwa mambo ya kihamba, ada za watoto na michango ya harusi. Ajenda ya namba za simu na barua pepe haimo, ingawa ndiyo hukwamisha watu usiku wa ugonjwa.

Tuseme bibi mwenye presha na kisukari amezidiwa saa nane usiku. Jirani anamkimbiza hospitali, daktari anauliza anatumia dawa gani. Anayejua ni binti yake aliye Mwanza. Jirani anafungua simu ya bibi na kukuta "Mwanangu", "Mwanangu 2", "Mwanangu mpya" na "Mwanangu Voda". Mbili hazipatikani. Ya tatu inapokelewa na kijana asiyemjua bibi wala binti, kwa kuwa namba iliyoachwa muda mrefu huuzwa upya. Kijana huyo huyo ndiye angepokea picha ya majibu ya vipimo vya bibi kama ingetumwa kwa namba hiyo.

Marudio haya yana historia yake. Laini ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa Januari 20, 2020, na wengi wakanunua nyingine. Wapo wanaotunza hata namba za zamani za 0744, ambazo zilishabadilika kuwa 0754. Mtu mmoja huwa na laini mbili, moja inashika mjini, nyingine inashika huko mlimani. Kisha jina lile lile hukaa kwenye laini, kwenye simu na kwenye akaunti ya Google.

Kazi ya kusafisha ni rahisi zaidi kwenye kompyuta, kwa kuwa majina yote huonekana kwa pamoja. Ukurasa wa majina wa Google hutafuta yanayofanana na kupendekeza yaunganishwe. Hapo ndipo mtu wa Moshi anapaswa kwenda taratibu. Katika simu moja kuna akina Massawe saba, Mushi watano na Mama Neema watatu, mmoja nesi, mmoja muuza ndizi Mbuyuni, mmoja mama mkwe. Kubonyeza "unganisha zote" ni kumpigia mama mkwe ukiulizia bei ya ndizi. Ni heri kupitia jina moja moja. Ukikosea, Google huruhusu kurudisha orodha ilivyokuwa ndani ya siku 30.

Kuunganisha hakufuti namba iliyokufa; huziweka zote chini ya jina moja. Kwa hiyo lazima mtu apige kwanza, asikie nani anapokea, kisha afute. Kazi hiyo wapewe vijana mchana, wakati mbege haijafika mezani.

Barua pepe nazo zina hatari yake. Akaunti ya bure ya Google ina GB 15, ambazo picha na mafaili mengine hugawana na barua. Zikijaa, barua mpya haziingii, hata kama ni majibu ya kipimo au ujumbe wa bima. Ukiandika larger:10M kwenye sehemu ya kutafutia, barua nzito zitajitokeza: video za harusi, kadi za michango, matangazo. Hizo zifutwe. Zilizofutwa hukaa kwenye tupio siku 30 kabla ya kupotea kabisa, lakini nafasi haipatikani mpaka tupio nalo limwagwe.

Kabla ya kufuta, kila mzazi afunguliwe folda yake ya afya: majibu, majina ya dawa na vipimo vyake, namba ya faili la hospitali, tarehe za kliniki. Barua za baba aliyefariki hazina haja ya kuguswa na kijana mwenye haraka. Zihamishwe kwenye folda yake, na mama aulizwe.

Kwenye simu ya bibi zibaki namba mbili tu za dharura, zenye majina ambayo hata jirani ataelewa: "Binti Mwanza", "Mjukuu Moshi". Ziandikwe pia kwa kalamu ndani ya kadi yake ya kliniki, maana umeme ukikatika siku mbili, simu haina chaji.