Bengamisa: Muache kupaka watoto wachanga pomadi za sokoni

Mtoto wa siku tatu anatoka vipele, na kabla jua halijazama amekwisha kupakwa pomadi ya sokoni, muganga hajamuona. Muuzaji amesema inaponya yote. Huo ni uongo, na anayeulipia ni mtoto.

Baadhi ya pomadi hizo, pamoja na zile za kung'arisha ngozi, zina betametazoni ama klobetasoli. Wekundu unapungua siku mbili, mama anafurahi. Lakini dawa hiyo inafanya ngozi ya mtoto kuwa nyembamba na inaingia hadi ndani ya mwili. Kama ugonjwa ni kuvu ama upele, inauficha huku unaendelea kuenea.

Wazazi wajue haya. Vipele vyekundu vya siku ya pili ama ya tatu, mtoto akiwa ananyonya vizuri na hana homa, huondoka vyenyewe ndani ya wiki moja ama mbili. Vipele vya joto, shingoni na kwenye mikunjo, vinataka nguo chache, maji safi na kukaushwa. Matako yakiwa mekundu, kitambaa kibadilishwe mara kwa mara, na mtoto aachwe wazi kidogo apate hewa. Upele unaowasha usiku unatibiwa kwa nyumba nzima siku moja, kwa dawa ya muganga. Pale familia iliyokimbia vita inapolala watu kumi chumba kimoja, kumtibu mtoto peke yake ni kazi bure.

Watu watajibu kwamba kituo cha afya ni mbali na pesa hakuna. Ni kweli. Lakini pomadi nayo inanunuliwa, na kumpunguzia mtoto nguo hakulipiwi.

Yapo yasiyongoja hata usiku mmoja: homa, kukataa kunyonya, malengelenge, usaha, ama vipele usoni, viganjani na kwenye nyayo. Hapo ni kituo cha afya mara moja. Mpox si hadithi ya mbali. Mtu wa kwanza kujulikana kuipata, mwaka 1970, alikuwa mtoto wa miezi 9 wa Basankusu, hapa hapa Kongo. Mtoto aliyefichwa vipele kwa pomadi anampotosha muganga, na jirani zake wanabaki hatarini.

Wakubwa wa soko na wa afya wanajua pomadi hizo zinauzwa wapi. Waziondoe. Na kila mama, kabla ya kufungua kopo, amtazame mtoto wake kwanza.