Kuhama na watu wako

Nimepotea kidogo, testi zimefuatana kama mabasi ya Ubungo. Leo nina la kusema kuhusu mitandao ya kijamii.

Hapa hosteli kuna ubishi usioisha: hii mitandao iliyogatuliwa, Mastodon na wenzake, itaishinda X na Facebook, au itabaki ya vijana wa kompyuta peke yao? Mimi moyo uko Mastodon, ila naona wanaoitetea wanatumia hoja dhaifu.

Kwa asiyeijua: Mastodon ilianzishwa 2016 na Eugen Rochko kule Ujerumani. Haina mwenye nyumba mmoja. Kuna seva maelfu, kila moja na msimamizi wake, zinaongea kwa kanuni moja iitwayo ActivityPub. Ni kama barua pepe tu, wewe uko Gmail, mimi Yahoo, na barua inafika. X siyo hivyo. Oktoba 2022 Elon Musk aliinunua kwa dola bilioni 44, na wote waliokuwemo wakajikuta wana bosi mpya bila kuulizwa.

Wenzangu wanasema seva zikiwa nyingi hakuna wa kutufungia. Kweli, Mei 2025 X ilipofungwa Tanzania ulikuwa mlango mmoja tu, ukafungwa, wote tukawa nje tunahangaika na VPN. Lakini jamani, seva ndogo nazo hufa! Mwaka 2023 msimamizi wa mastodon.lol alichoka, akatangaza anafunga, na watu maelfu ikabidi watafute pa kwenda. Kuchuja matusi usiku kucha na kulipia seva siyo kazi ya mtu mmoja mwenye moyo mzuri. Na intaneti nzima ikizimwa, ugatuzi haukusaidii kitu.

Ila hao wa mastodon.lol walipewa muda wa kuhama, tena na wafuasi wao. Mastodon ndivyo ilivyo: ukihamia seva nyingine wafuasi wanakufuata wenyewe (posti za zamani hazihami, hilo linaudhi). Ukitoka X unaanza na sifuri. Kwangu tofauti iko hapo tu, mengine ni mbwembwe. Hata Bluesky, iliyofungua milango kwa wote Februari 2024, inaahidi hivyo hivyo, ingawa wengi wao bado wanakaa kwenye seva za kampuni yenyewe.

Sasa nani atahama kwa hiari? Tuseme ukweli, wachache. CR anatupa ratiba na madesa kwenye grupu la WhatsApp, ukiondoka umejifukuzisha darasa. Watu wanakaa walipo wenzao, siyo penye teknolojia nzuri. Meta wanalijua hilo: Julai 2023 walipoleta Threads, watu milioni 100 waliingia ndani ya siku tano, kwa sababu akaunti za Instagram zilikuwa tayari mkononi.

Kumbukeni mambo ya simu. Ukichoshwa na mtandao wako ulikuwa unavumilia, maana namba ile anayo mama, anayo mjomba, anayo anayekudai na unayemdai. Machi 2017 Tanzania ikaanza kuruhusu kuhama mtandao bila kubadili namba (Kenya walitangulia, 2011). Mitandao mikubwa haikufa. Ila sasa mteja anaweza kuondoka na namba yake, na kampuni inajua.

Hicho ndicho ninachotaka kwenye X na Facebook: nihame na watu wangu. Haitakuja kwa huruma yao. Umoja wa Ulaya umeanza, sheria yao ya masoko ya kidijitali ya 2022 inaibana WhatsApp ikubali kuongea na programu nyingine za ujumbe zinazoomba. Lakini Facebook na Instagram kama mitandao ya kijamii hazimo kwenye kifungu hicho, na sisi huku hatumo kabisa.

Mtaniuliza: serikali zinazofunga mitandao ndizo tuzipe rungu? Hapo mnanibana kweli. Jibu nililonalo ni kwamba sheria ya kuhama inampa ufunguo mtumiaji, siyo waziri. Kama kuna mwanasheria wa mwaka wa tatu anayeona nimekosea, anikute kantini saa saba, chai juu yangu, bumu limeingia.