Leteni Mizani Basi

Huku kwetu kwenye chai kuna nauli mbili. Ya kwanza kila mtu anaijua. Ukitoka Litein kwenda Kericho, au Silibwet kwenda Bomet mjini, unamuuliza abiria mwenzako ni ngapi, anakuambia, unatoa. Ya pili haijaandikwa popote. Inatungwa palepale stejini, konda anapokuangalia kutoka mabegani hadi kiunoni, anacheka kidogo, halafu anasema, "Madam, wewe utalipia wawili."

Mimi ni wa nauli ya pili. Nina kilo 104. Sisemi hivyo kwa kutubu wala kwa kujigamba. Naitaja hiyo namba kwa sababu hakuna konda wala mtu wa boda aliyewahi kuniuliza. Wananitoza uzito ambao hawajaupima.

Na kama kuna watu wasiofaa kudanganywa kuhusu uzito, ni sisi wa Kericho na Bomet. Tumelelewa na mizani. Mchumaji wa shamba kubwa analipwa kwa kilo. Mkulima mdogo anayepeleka majani kiwanda cha KTDA analipwa kwa kilo, na bonasi ya Oktoba inahesabiwa kwa kilo zilezile. Majani yakifika kituoni yanapimwa, namba inasomwa, karani anaandika, mkulima anashika karatasi yake. Akihisi amekatwa hata kilo moja ya gunia, foleni nzima itajua. Kwetu uzito si utani. Ni hesabu yenye namba na mashahidi, na mwenye mali ana haki ya kuipinga.

Nauli ya pili haina namba, haina karatasi, na mashahidi wake ni abiria wanaocheka.

Wacha tuanze na boda. Nduthi iliyokataa kunibeba kwa bei ya kawaida asubuhi, jioni utaikuta imebeba magunia ya majani, au mbao, au kochi la watu watatu limefungwa kwa mipira, dere amekaa juu ya tangi la mafuta. Au imebeba watu watatu mshikaki, ingawa Sheria ya Trafiki inaruhusu abiria mmoja tu. Hao watatu wakiunganishwa wananizidi kilo kwa mbali. Utaniambia kila mmoja wao amelipa nauli yake. Sawa kabisa. Kumbe basi nauli inahesabiwa kwa kichwa. Mimi nina kichwa kimoja.

Halafu tazama nani anaambiwa. Kuna wazee huku kwetu wenye vitambi vya heshima: kontrakta, mwenye lori za mawe, mwanasiasa aliyeshindwa uchaguzi. Hao wakifika stejini utasikia, "Mkubwa, karibu mbele." Wanapewa kiti kizuri, na wanalipa kama wengine. Sijawahi kusikia konda akimwambia mzee wa kitambi alipie wawili. Anaambiwa msichana. Anaambiwa mama anayetoka sokoni na ndizi zake. Kama ni uzito kweli, mbona mizani ya konda inajua jinsia na pesa za mtu? Ninachotozwa hapo si kilo. Natozwa kwa sababu inaaminika nitaona haya, nitalipa haraka ili macho ya watu yaniondokee. Ni faini ya aibu, na anayeikusanya anajua ni nani hatamrudishia maneno.

"Lakini unachukua nafasi." Hiyo ndiyo hoja yao kubwa, na ingekuwa na nguvu kama kungekuwa na nafasi ya kuchukua. Probox ina viti vitano pamoja na cha dereva. Barabara zetu zinajua inabeba wangapi. Kiti cha nyuma cha watu watatu kinakaa wanne au watano, mtoto anapakatwa, mmoja anakaa nusu, na dereva mwenyewe anaendesha akiwa ameegemea mlango. "Songeni kidogo, songeni kidogo." Je, kuna mtu mwembamba aliyewahi kurudishiwa nusu ya nauli kwa kukaa nusu kiti? Mwili ukizidi kiti, bei inapanda. Kiti kikipungua chini ya mwili, bei inabaki palepale. Hesabu inayoenda upande mmoja tu ni ya mtu anayetafuta sababu ya kuongeza.

Na hata ukikubali, hupewi ulichonunua. Siku moja nikitoka Sotik nililipia viti viwili, pesa taslimu, bila kelele. Tulipofika Kapkatet akapakiwa jamaa na begi lake, akaambiwa akae pale pembeni yangu. Nikasema hicho kiti nimelipia. Konda akanijibu, "Ulilipia mwili, hukulipia kiti." Sijawahi kusikia mtu akieleza biashara hii vizuri zaidi. Kwingine duniani mashirika kadhaa ya ndege humtaka abiria mnene anunue kiti cha pili. Nalipinga hilo pia, lakini angalau kiti cha pili kinakuwa chake hadi safari iishe.

Siwachukii vijana wa boda. Wengi ni wa rika langu, nduthi si yao, na jioni mwenyewe anangoja pesa yake. Najua vilima vya Konoin, najua matope ya mvua ya Aprili, najua pikipiki ikipanda na mzigo mzito inakunywa mafuta. Gharama hiyo ipo. Swali langu ni kwa nini inahesabiwa kwa mtu mmoja tu, kwa macho, baada ya kumkagua kama ng'ombe wa mnada. Dere hampunguzii mwembamba kwa mafuta ambayo hakutumia. Anachukua nauli yake kamili na kumwambia asante.

Mbona sigombani na fundi wa nguo? Rinda langu linakula kitambaa kingi, naye ananiambia nilete mita zaidi. Naleta. Ametoa utepe wa kupimia, ameuzungusha kwangu kama anavyouzungusha kwa kila mteja, na mita ninaziona zikikatwa. Mrefu analeta zaidi, mfupi analeta kidogo. Hiyo ni biashara. Pima wote au usipime yeyote.

Kuna waliojaribu kupima wote. Mwaka 2013 dunia ilizungumza sana kuhusu Samoa Air, kampuni ndogo ya ndege ya visiwa vya Pasifiki, iliyoamua kutoza nauli kwa kilo: mwili wako pamoja na mzigo wako. Mimi nisingependa kupanda mizani mbele ya foleni. Ila ule mpango ulikuwa na kitu ambacho konda wetu hana: mtoto na mtu mwembamba walilipa kidogo. Mizani ilikata pande zote mbili. Kanada nao walienda njia nyingine. Mwaka 2008 mamlaka ya usafiri iliyaamuru mashirika makubwa ya ndege yasimtoze kiti cha pili, katika safari za ndani ya nchi, mtu ambaye unene wake unahesabika kuwa ulemavu. Mtu mmoja, nauli moja. Mashirika yakapinga kortini, na mwaka huohuo Mahakama ya Juu ikakataa kusikiliza rufaa yao.

Na sisi? Tangu Sheria za Michuki zianze kufanya kazi mwaka 2004, matatu inahesabu abiria kwa viti na mikanda. Kila mtu kiti chake. Hakuna mahali leseni inasema abiria awe na kiuno gani. Katiba ya 2010, Kifungu cha 27, inataja mambo ambayo mtu hafai kubaguliwa kwayo: kabila, jinsia, umri, afya, ulemavu, hata mavazi. Uzito haukutajwa. Lakini orodha hiyo imeanzishwa kwa neno la "ikiwemo", na Kifungu cha 259 kinaeleza kwamba neno hilo halifungi orodha. Kifungu cha 28 kinampa kila mtu heshima ya utu wake, na hakijaweka kipimo cha juu cha kilo. Jimbo la Michigan huko Marekani liliandika uzito waziwazi katika sheria yake ya kupinga ubaguzi tangu 1976. Hata sisi tunaweza kuandika neno moja.

Najua jibu la mwisho, lile la bure: "Si upunguze mwili tu." Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba asilimia 33 ya wanawake wa Kenya wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi. Mwanamke mmoja kati ya watatu. Hao si vioja vya steji, hao ndio abiria. Na hamsini anayoongeza konda haiendi hospitali kunitibu chochote. Inaingia mfukoni mwake. Mnene mwenye pesa ananunua gari na kuachana na haya yote. Faini inabaki kwa yule asiye na gari, na mara nyingi ni mama aliyebeba kikapu cha majani mgongoni tangu alfajiri. Shambani mwili wake unasifiwa kuwa una nguvu. Akifika barabarani unageuka kosa.

Ninachotaka ni kidogo. Sacco ziandike nauli kwenye mlango wa gari, namba moja kwa kila kichwa. Steji za boda ziwe na ubao wa bei, na kama kuna nyongeza ya mzigo, iwe ya mzigo, si ya mwenye mzigo. Na wewe unayekaa karibu na mtu anayeambiwa alipie wawili, usitazame dirishani. Sema, "Huyu ni abiria mmoja." Nimeona konda akinyamaza kwa sentensi hiyo moja, kwa sababu biashara yake yote inategemea ukimya wako.

La sivyo, leteni mizani stejini. Si mnapenda kilo? Iwekeni pale wazi, kama ya kituo cha majani, na karani, na risiti. Apande msichana, apande mkubwa na kitambi chake, apande konda mwenyewe. Na yule wa kilo 48 arudishiwe chenji yake. Mimi nitapanda wa kwanza.