Dada Lata, kifungua mimba aliyewaimbia wadogo zake

Mzazi mwenzangu, kama ulikulia Unguja, Tanga, Mombasa au Dar es Salaam enzi za picha za Kihindi, sina haja ya kukueleza mengi. Ile sauti unaijua. Nyembamba, safi, inapanda juu mpaka unahisi sasa itakatika, na haikatiki. Hukujua neno hata moja la Kihindi, lakini uliimba nayo kwa kujiamini kabisa, kwa maneno uliyoyatunga mwenyewe.

Wengi wetu tulidhani anayeimba ni stelingi wa kike tunayemwona. Nargis anafungua mdomo, basi ni Nargis. Madhubala anapita na mshumaa, basi ni Madhubala. Kumbe nyuma yao alikuwa mwanamke mmoja mfupi, nywele kasuka mikia miwili, sari nyeupe, amevua viatu, amesimama studio mbele ya maikrofoni. Jina lake Lata Mangeshkar.

Kwetu Unguja picha ilikuwa jambo la Jumapili. Tulikwenda Cine Afrique kule Malindi, tumevalishwa kama siku ya Idi. Wimbo ukianza, kaka zangu walitoka nje kununua njugu, maana kwao picha ilikuwa ngumi. Mama na Dada hawakubanduka kitini. Kwao wimbo ndio uliokuwa picha yenyewe, na hayo mengine yalikuwa ya kusubiria wimbo unaofuata.

Na si wao tu. Wapenzi wa taarabu wanajua jinsi tuni za Kihindi zilivyohamia kwetu. Marehemu Juma Bhalo wa Mombasa alizichukua, akazitilia mashairi ya Kiswahili yenye mafumbo mazito, na watu wakazipokea kama zilizozaliwa Kibokoni.

Leo sitaki kumsifu Lata kwa sauti tu. Wenye elimu ya muziki wamekwisha kufanya hivyo. Nataka kumzungumzia kama mtoto wa kwanza wa nyumba, kwa sababu nimekuja kugundua kwamba ndiyo habari yake kubwa, na inatuhusu sisi wazazi.

Lata alizaliwa Septemba 28, 1929, mjini Indore. Baba yake, Deenanath Mangeshkar, alikuwa mwimbaji na mwigizaji wa jukwaani mwenye kundi lake la michezo ya kuigiza. Lata alikuwa wa kwanza, akafuatiwa na Meena, Asha, Usha, na wa mwisho wa kiume, Hridaynath.

Yeye mwenyewe alipenda kusimulia kisa kimoja. Akiwa na miaka kama mitano, baba yake alimwacha mwanafunzi afanye mazoezi ya wimbo, akatoka kidogo. Mwanafunzi akawa anakosea. Lata, aliyekuwa akicheza karibu, akaingia akamwonyesha unavyoimbwa. Hakujua kwamba baba amerudi na amesimama nyuma yake anasikiliza. Mzee yule akamwambia mkewe kwamba yeye anahangaika kufundisha watoto wa watu, kumbe mwimbaji yumo humu humu ndani. Kesho yake alfajiri akamwamsha binti yake, wakaanza masomo.

Shule nayo ina kisa chake. Lata alikwenda akiwa amembeba mdogo wake Asha. Mwalimu akasema mtoto mchanga haruhusiwi darasani. Lata akakasirika, akarudi nyumbani na mdogo wake, na huo ukawa mwisho wa shule. Unaona hapo? Mtoto mdogo, na tayari amekwisha kuamua kwamba pasipo na nafasi ya mdogo wake, na yeye hapamfai.

Aprili 1942 Deenanath alifariki. Lata alikuwa na miaka 12, mama yake mjane, wadogo wanne nyuma yake. Rafiki wa familia mwenye kampuni ya filamu akamsaidia kupata kazi. Akaanza kuigiza vijisehemu vidogo na kuimba. Kuigiza hakukupenda, kule kupakwa rangi usoni na kuambiwa cheka, lia. Lakini nyumbani palitakiwa chakula.

Walipohamia Bombay mwaka 1945, milango haikufunguka mara moja. Mtunzi Ghulam Haider alimpeleka kwa mtayarishaji mmoja mkubwa, akaambiwa sauti ya binti huyu ni nyembamba mno. Haider hakukata tamaa naye, akampa nafasi katika filamu ya Majboor ya mwaka 1948. Mwigizaji Dilip Kumar naye aligusia kwamba matamshi yake ya Kiurdu yana lafudhi ya Kimarathi. Mwingine angenuna. Lata alitafuta mwalimu wa Kiurdu. Na Dilip Kumar alikuja kuwa kama kaka yake.

Mwaka 1949 ikatoka Mahal, filamu ya jumba lenye mzuka, na wimbo wake ukaenea India nzima. Unajua sahani ya santuri iliandikwa jina gani? Kamini. Ndilo jina la mhusika aliyeigizwa na Madhubala. Jina la aliyeimba halikuwepo. Wasikilizaji wa redio wakaanza kuuliza, huyu ni nani hasa, mpaka jina la Lata likatajwa.

Tangu hapo alipigania haki ya waimbaji wa nyuma ya pazia. Tuzo za Filmfare zilipokuwa hazina nafasi ya mwimbaji, alikataa kupanda jukwaani kuwaimbia. Nafasi hiyo ikaanzishwa mwaka 1959, na wa kwanza kuipata akawa yeye, kwa wimbo wa filamu ya Madhumati. Aligombania pia malipo ya haki ya nyimbo, hata akakosana na Mohammed Rafi, wakakaa miaka kadhaa bila kuimba pamoja. Mtu aliyeanza kulisha nyumba akiwa na miaka 12 anaijua thamani ya senti.

Wazazi wetu walililia Mother India ya mwaka 1957 mpaka leso zikalowa. Mle ndani mna wimbo wa mama anayekokota jembe shambani na watoto wake. Walioimba ni Lata, Meena na Usha. Dada mkubwa na wadogo zake wawili, kwa sauti zao, wanaimba habari ya familia inayolima kwa taabu ili isife njaa. Hawakuhitaji kufundishwa kuigiza hayo.

Mambo hayakuwa asali siku zote. Asha, akiwa na miaka 16, aliolewa bila ridhaa ya familia, tena na katibu wa Lata mwenyewe. Ndugu hawa wakakaa muda mrefu hawaelewani. Baadaye walipatana, Asha naye akawa mwimbaji mkubwa kwa njia yake, wakaja kuishi jengo moja Mumbai. Lata hakuolewa. India nzima, wadogo kwa wazee, walimwita Didi. Kwa Kiswahili chetu, Dada.

Na mimi nina Dada yangu.

Kwetu tulizaliwa saba, mimi ni wa tano. Baba alipopooza upande mmoja, Dada alikuwa kidato cha pili. Sikumbuki mtu yeyote kumwambia aache skuli. Ninachokumbuka ni kwamba siku moja aliketi kwenye cherehani, akaipunguza sare yake mwenyewe kiunoni na kwenye pindo, akamkabidhi anayemfuatia. Kisha akaendelea kushona nguo za watu.

Alishona miaka na miaka. Madaftari yetu, viatu vyetu, unga na dawa za Baba vilitoka kwenye cherehani ile ya miguu. Pembeni palikuwa na redio kaseti, na ndani ya redio palikuwa na Lata. Utepe ukikwama, Dada aliuchomoa, akaurudisha kwa kuzungusha kalamu kwenye tundu la kaseti, akaendelea. Mpaka leo nikisikia Lata, nyuma yake nasikia na cherehani.

Jumapili ya Februari 6, 2022, simu yangu ilianza kulia mfululizo kwenye kundi la familia. Lata amefariki Mumbai, akiwa na miaka 92. Nikampigia Dada.

"Nimesikia," akasema. Akanyamaza. "Wadogo zake wapo?"

Nikamwambia nimesoma kwamba wapo, na walikuwa karibu naye.

"Basi vizuri," akasema, akaniuliza hali ya watoto.

Mwezi uliopita Dada alikuja Dar es Salaam kututembelea. Jumamosi moja nilikuwa na harusi. Binti yangu wa kwanza, mwenye miaka 14, alikuwa amekwisha kuvaa raba kwenda mazoezi ya netiboli. Nikamwambia leo hapana, baki na wadogo zako, vyombo vioshwe na chakula cha usiku kiandaliwe. Akaniangalia. Nikatamka lile neno letu: "Wewe si ndiye mkubwa?"

"Sawa, mama," akasema, akainama kufungua kamba za viatu.

Dada alikuwa pale kwenye kochi, hakusema kitu. Usiku niliporudi, nikamkuta hajalala.

"Unajua mimi nilitaka kuwa mwalimu wa jiografia?" akaniambia. "Nilikuwa naichora ramani ya Afrika bila kuangalia kitabu."

Miaka yote hiyo sikujua. Nikamuuliza mbona hakutuambia.

"Ningewaambia, mngekula nini?" Akacheka kidogo. "Mdogo wangu, mimi sijuti. Baba alikuwa anaumwa, nyumba ilikuwa na shida. Nililolifanya ningelifanya tena. Lakini wewe hapa shida yako ni nini? Harusi?"

Mzazi mwenzangu, sikulala vizuri usiku ule.

Nimeandika safu hii kwa muda mrefu, na mara nyingi nimesifu watoto wa kwanza wanaobeba familia. Nitaendelea kuwasifu. Kuna nyumba ambazo bila kifungua mimba zingesambaratika, kama ya mjane wa Deenanath, kama yetu. Huko mzigo ulishuka wenyewe, na mtoto akauinua. Lakini wengi wetu tumeigeuza dharura kuwa desturi. Baba mzima wa afya, mama yupo, wadogo wana mikono yao miwili, ila kila kitu ni mkubwa, mkubwa, mkubwa. Wa kiume wa miaka 11 anaangalia katuni, wa kike wa miaka 14 anamfulia soksi. Tunaita malezi. Mara nyingine ni uvivu wetu tu.

Mtoto asaidie nyumbani, hilo sibishani nalo. Ila jiulize kabla hujalitamka lile neno: hii ni haja ya nyumba, au ni raha yangu? Kama ni haja, mweleze mtoto ukweli, umwambie itaisha lini, na umshukuru kwa mdomo wako, si kwa kudhani anajua. Kama ni raha yako, mwache aende mazoezini.

Na tufanye kama yule baba wa Lata. Alirudi nyumbani, akasimama nyuma ya mtoto wake, akasikiliza. Ni jambo dogo sana. Lakini miaka michache baadaye alipoondoka duniani, binti yake alikuwa na kitu mkononi. Mzigo ulipomwangukia, alikuwa tayari anajua yeye ni nani. Familia hiyo ilikuja kuanzisha hospitali mjini Pune, ikapewa jina la baba yao. Nadhani Lata hakuisahau alfajiri ile aliyoamshwa.

Jumamosi iliyopita vijana wangu wawili wa kiume walibaki na vyombo, na Dada akawa msimamizi wao. Sahani moja ilivunjika, tutanunua nyingine. Mimi nilikwenda kuangalia netiboli. Nikagundua kwamba binti yangu anacheza ufungaji, na kwamba wenzake wanampigia makofi. Nilikuwa sijui.

Jioni tuliporudi nikawakuta Dada na simu yangu ya zamani, anasikiliza Lata. Binti yangu akakaa chini karibu na miguu yake, na jasho lake.

"Mama mkubwa, anasema nini huyu?"

Dada akafumba macho, akamtafsiria ubeti mzima, neno kwa neno, kwa utulivu wa mtu aliyesoma Kihindi chuo kikuu. Hajui Kihindi hata cha kuombea maji. Binti yangu alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Wimbo mzuri."

Nami sikumsahihisha mtu.

Tukutane wiki ijayo, tukijaliwa.